Maswali ya Wasomaji: Tumbawe Likae Wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu matumbawe yanayofugwa nyumbani katika matangi ya kioo, na nyingi kati yake, hata zile zilizoanza kwa kuulizia taa au dawa, zinaishia kwenye jambo lile lile: mahali ambapo mnyama huyu amewekwa. Nimechagua tano.

Swali: Assalaam aleikum, ndugu mwandishi. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kina cha 50, na limetimiza miezi minne tangu nilitie maji. Mwezi uliopita nilinunua matumbawe manne kwa siku moja: Acropora lenye matawi, tumbawe la nyundo, tumbawe la ngozi na uyoga wa bahari. Muuzaji aliniambia kwamba matumbawe yanapenda mwanga, nikayapanga yote juu ya mawe, karibu na taa, likiwa hili ubavuni mwa hili. Baada ya siku kumi Acropora limekuwa jeupe, nyundo limejikunja upande mmoja, uyoga umesinyaa hadi kuwa kama kifungo cha shati, na ngozi limejifunga likang'aa kama lililopakwa nta. Nimeshayahamisha mara tatu. Nifanye nini? *A.S., Muscat*

Jibu: Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Nianze na habari njema, kwamba tumbawe lako la ngozi haliumwi. Jamii hiyo, Sarcophyton, ina desturi ya kujifunga kwa siku kadhaa, pengine wiki nzima, ikajifunika utando unaong'aa, kisha ikauvua utando huo pamoja na uchafu na mwani ulioganda juu yake, na kufunguka tena ikiwa safi. Inachohitaji ni mkondo wa maji wa kuuondoa utando huo. Ukiona vipande vimebaki vikining'inia, vipeperushe kwa maji ya bomba la sindano bila kulishika tumbawe lenyewe.

Hayo mengine matatu yanalipia ushauri wa muuzaji, ambao ni kweli nusu. Matumbawe hutegemea mwanga kwa sababu ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula chake. Lakini mwani huo hujirekebisha kulingana na mwanga uliouzoea, na mwanga ukizidi ghafla huanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji, naye humfukuza mpangaji huyo. Hapo ndipo tumbawe hupauka, kwa kuwa sehemu kubwa ya rangi ilikuwa ya mpangaji, na mifupa iliyo chini ya nyama ni myeupe tangu mwanzo.

Kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia ulitazame Acropora lako kwa karibu. Ukiona bado lina nyama nyembamba iliyo kama karatasi ya nailoni, na vikono vidogo vinachomoza kwenye vitundu vyake, limepauka lakini ni zima, na linaweza kurudisha rangi kwa wiki kadhaa. Ukiona mfupa mtupu na nyama inabanduka kuanzia chini kwenda juu, kata ncha zilizosalia na uzigandishe kwingine, kwa maana shina halitarudi.

Wafugaji hupima mwanga unaofaa mimea kwa kipimo kiitwacho PAR. Jua la adhuhuri juu ya bahari ya nchi za joto hufikia takriban 2000 kwa kipimo hicho, ila tangini hatuhitaji kiasi hicho: uyoga wa bahari hutosheka na 50 hadi 100, tumbawe la nyundo 80 hadi 150, na Acropora 250 hadi 350. Utaona mara moja kwamba haya matatu hayawezi kuishi ghorofa moja. Uyoga uteremshe hadi chini kabisa, kwenye kivuli cha jiwe. Nyundo liweke chini au katikati, upande. Na Acropora ndilo pekee lenye haki ya kukaa juu, lakini si leo. Liweke katikati ya tangi, punguza taa hadi nusu ya nguvu yake, kisha uipandishe kidogo kidogo kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja. Kusema kweli, ningekushauri usilinunue kabisa mpaka tangi litimize mwaka, kwa sababu tangi changa hupanda na kushuka katika kila kipimo, na jamii hii haivumilii mabadiliko hayo.

Jambo la pili ni mkondo. Kujikunja kwa nyundo upande mmoja tu ni dalili kwamba pampu inalipiga moja kwa moja upande huo, na nyama yake laini inasuguliwa dhidi ya kingo za mfupa wake wenyewe, ambazo ni kali kama wembe. Vikono vya nyundo vinapaswa kuyumba taratibu na kurudi, kama majani ya bahari katika maji tulivu ya ndani ya mwamba. Vikilala upande mmoja bila kurudi, mkondo umezidi. Acropora kwa upande wake linataka maji yanayochafuka na kubadili mwelekeo, kwa sababu kwao ni pale mawimbi yanapopasukia. Ukitaka kuujua mkondo wa tangi lako bila kifaa chochote, dondosha chembe chache za chakula cha samaki juu ya kila tumbawe na uzifuate kwa macho: zinapokimbia, zinapozunguka na zinapotuama.

La tatu ni ujirani. Tumbawe ni mnyama wa ukoo mmoja na yavuyavu, na linawasha kama yavuyavu. Subiri saa mbili baada ya kuzima taa, kisha utazame tangi kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Huenda ukaona nyundo lako limetoa vikono vyembamba, virefu kuliko vile vya mchana, vyenye vincha vyeupe, vinavyopapasa gizani hadi sentimita 10 au 15 vikitafuta jirani wa kuchoma. Liachie nafasi ya sentimita 20 kila upande. Tumbawe la ngozi halichomi hivyo, bali huachia majini kemikali zinazodumaza matumbawe magumu, na kwa ajili yake utie mkaa maalumu wa kuchujia katika kichujio chako na uubadilishe kila baada ya wiki tatu au nne.

Ukishayapanga, yaache. Mwaka wangu wa kwanza wa ufugaji nilihamisha tumbawe moja mara tano ndani ya mwezi, kila mara nikidhani nimepata mahali pazuri zaidi, na likafa mahali ambapo, nikikumbuka sasa, palikuwa pazuri kuliko pote. Kila unapolihamisha, mwani wake huanza upya kazi ya kujirekebisha. Lipe wiki mbili hadi nne kabla ya kuamua, na usilipake gundi kabla ya muda huo kwisha. Ruhusa ya kulihamisha siku hiyo hiyo ni pale tu nyama inapobanduka.

Mwisho, kwa kuwa uko Muscat: feni juu ya maji hupoza tangi kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na hewa yenu ya kiangazi yenye unyevunyevu huipunguzia feni uwezo huo. Nunua mashine ya kupoza maji na uiweke kati ya nyuzi 25 na 27. Maji yanayopotea kwa mvuke yafidie kwa maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi, kwa sababu maji ndiyo yanayoondoka na chumvi yote hubaki tangini. Kipimo cha chumvi kisimame kwenye gramu 35 kwa lita.

Swali: Watoto wangu wanapenda kulitazama tangi baada ya chakula cha usiku. Je, kuna ubaya taa zikiwaka tangu asubuhi hadi saa sita za usiku? *Mama Salma, Doha*

Jibu: Upo, Mama Salma. Matumbawe yanahitaji giza, na saa tisa za mwanga zinayatosha. Mwanga wa ziada hunufaisha mwani mchafu unaoota kwenye vioo. Weka saa ya umeme iziwashe taa saa saba mchana na kuzizima saa nne usiku, na watoto watapata muda wao wote.

Swali: Salaam kutoka Leicester. Nina tangi la lita 150 lenye matumbawe magumu, hasa Montipora la sahani na Euphyllia, jamii ya tumbawe la nyundo. Yana rangi nzuri kiasi lakini hayakui kabisa, sasa ni mwezi wa tano. Maji ni safi sana: nitrati sifuri, fosfati sifuri, kalsiamu 430. Ualkali tu ndio uko 5.8. Marehemu mama yangu, aliyezaliwa Lamu, alikuwa akitusimulia kwamba chokaa ya nyumba za kwao ilichomwa kutokana na matumbawe. Nikawaza, ikiwa chokaa ni tumbawe lililochomwa, si ndiyo itakayoyalisha matumbawe? Dukani karibu nasi kuna chokaa ya kupakia kuta. *Bi. R., Leicester*

Jibu: Mungu amrehemu mama, Bi. R., kwani masimulizi yake yamekufikisha karibu sana na jibu. Mfupa wa tumbawe ni kalsiamu kaboneti. Ukichomwa kwenye tanuri, hewa ya kaboni hutoka na kubaki chokaa isiyozimwa, na ikizimwa kwa maji hugeuka kuwa kalsiamu hidroksidi, ambayo ndiyo iliyoshikamanisha kuta za Lamu na za Kilwa. Wafugaji wa matumbawe duniani kote hutumia kitu hicho hicho, wakikiyeyusha na kukidondosha tangini kama maji ya chokaa. Wazo lako ni sahihi. Chokaa ya dukani ndiyo isiyofaa, kwa sababu ya ukutani hubeba udongo na madini mengine ambayo hayakuandikwa kwenye mfuko. Tafuta kalsiamu hidroksidi safi ya daraja la chakula, ile inayotumiwa katika kutengeneza achari.

Lakini kabla ya chokaa, tazama vipimo vyako. Tumbawe linapojenga mfupa huchota vitu viwili kwa pamoja, kalsiamu na kaboneti, na akiba ya kaboneti majini, ambayo ndiyo tunayoipima tunapopima ualkali, ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kalsiamu. Ualkali ukishuka kwa digrii moja, kalsiamu hupungua kwa takriban miligramu 7 tu kwa lita, kiasi ambacho vipimo vya nyumbani haviwezi hata kukiona. Ndiyo maana kalsiamu yako inasoma 430 na kukufariji, huku matumbawe yakikosa kaboneti ya kujengea. Lenga digrii 8. Ili kupandisha digrii moja katika lita 150 unahitaji takriban gramu 4.5 za bikaboneti ya sodiamu, ile ya jikoni iliyo safi, ambayo usiichanganye na unga wa kuumulia keki wala na magadi ya kuivishia maharage. Iyeyushe katika maji yaliyochujwa, uimimine taratibu penye mkondo, na usipandishe zaidi ya nusu digrii kwa siku. Kwa hiyo kazi hii itakuchukua siku nne au tano, na haina njia ya mkato.

Ualkali ukishafika mahali pake, pima kila siku kwa wakati ule ule, kwa wiki moja, bila kuongeza chochote. Kiasi kinachopungua kwa siku ndicho hamu ya matumbawe yako, na ndicho utakachokuwa ukikirudisha. Hapo ndipo maji ya chokaa yanapokufaa, maana yanarudisha kalsiamu na ualkali kwa uwiano ule ule unaochotwa. Koroga gramu moja na nusu kwa lita ya maji yaliyochujwa, acha yatuame, na utumie yale maangavu ya juu tu, yadondoke tone moja moja usiku badala ya maji ya kufidia mvuke. Maji hayo yana pH inayozidi 12, yanaunguza macho, na lita moja ikiingia tangini kwa mkupuo inaweza kuua samaki wote kabla hujafika jikoni kunawa mikono.

Na sasa nikukosoe kwa heshima. Nitrati sifuri na fosfati sifuri ni njaa, dada yangu. Matumbawe na mwani wake vinahitaji kidogo cha vyote viwili. Nitrati kati ya 2 na 10 na fosfati kati ya 0.03 na 0.1, kwa miligramu kwa lita, ndizo ambazo wafugaji wengi huzilenga. Lishe samaki wako zaidi, au uwape Euphyllia vipande vidogo vya kamba mara mbili kwa wiki wakati vikono vimetoka.

Uwe na subira pia na jicho lako mwenyewe, kwa sababu mtu anayelitazama tangi kila siku haoni likikua; piga picha tarehe mosi ya kila mwezi ukiwa umesimama mahali pamoja. Montipora likishiba huota ukingo mweupe mwembamba kuzunguka sahani nzima, na huo ndio mfupa mpya. Wale mafundi wa zamani wa pwani walikuwa wakichonga tumbawe gumu la jamii ya Porites likiwa bado bichi kutoka baharini, kwa kuwa huchongeka kirahisi kabla ya kukauka, na jamii hiyo hukua takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Jiwe lenye unene wa shubiri moja katika kuta za kina mama yako lilikuwa kazi ya miaka ishirini na zaidi.

Swali: Zoanthus zangu, wale jamaa wa matumbawe wasio na mfupa, zimefunika jiwe zima na nataka kuzigawa, nizigandishe kwenye mawe mengine na nimpe rafiki. Nimeona mtu akilichemsha jiwe ili kuziondoa zilizobaki. Je, inafaa? *K.M., Toronto*

Jibu: Usilichemshe jiwe hilo kamwe. Zoanthus na jamaa zake wa Palythoa huweza kubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe, ambayo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka Palythoa la Hawaii. Si zote zilizo nayo, lakini huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kuchemsha, kusugua kwa brashi nje ya maji au kumwagia maji ya moto huirusha sumu hewani pamoja na mvuke, na kuna familia zilizolazwa hospitalini kwa sababu hiyo hiyo. Mtu aliyeivuta anaweza kuhisi ladha ya chuma mdomoni, homa, maumivu ya misuli na kubanwa kifua. Akimbizwe hospitalini, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni tumbawe la tangini.

Kugawa kunawezekana. Vaa glavu zisizo na tundu na miwani ya kazi, kwa sababu zikikatwa huruka ute, na ute ukiingia jichoni ni balaa. Badala ya kukata nyama, pasua jiwe lenyewe kwa patasi ili kila kipande kibaki na viumbe vyake vikiwa vizima, vioshe katika ndoo ya maji ya chumvi ambayo hutayarudisha tangini, kisha ukigandishe kila kipande kwa supaglu nzito ya aina ya jeli. Watoto na paka wasiwemo chumbani.

Mwambie na rafiki yako asiliingize jiwe hilo moja kwa moja katika tangi lake. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini katika ufugaji huu mgeni ndiye anayeleta minyoo bapa, konokono wasio na gamba na vianemoni vya Aiptasia vinavyotapakaa kama magugu. Alitenge katika tangi dogo kwa wiki nne na alikague kila usiku kwa tochi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga. Tuna tangi la samaki wa maji chumvi shuleni. Maji yakipwa tunaona matumbawe mazuri tu karibu na ufukwe. Je, tunaweza kuchukua machache tukayaweke tangini? *Kijana wa Tanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana, msiyachukue. Sehemu ya bahari yenu iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, na chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994 kuchukua viumbe humo bila kibali ni kosa. Na ikitokea ndugu wa ng'ambo akakuomba umletee tumbawe gumu, ujue kwamba matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo hayavuki mpaka bila hati ya serikali. Hata bila sheria, tumbawe lililobanduliwa kwenye mwamba na kutiwa katika ndoo huanza kuoza kabla ya siku kwisha, na tangi la shule lisilo na taa maalumu litajaa amonia itakayowaua na samaki mlio nao.

Mnacho kitu ambacho wasomaji wangu wa Muscat na Leicester hawana. Katika siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, nendeni na mwalimu wenu na daftari, mtembee juu ya mchanga tu bila kukanyaga matumbawe, na mwandike ni aina gani iko wapi: yenye matawi yakoje pale wimbi linapopiga, ya duara yakoje kwenye vidimbwi vitulivu, ni yapi yaliyo chini ya kivuli cha jiwe, na kila moja limeachana na jirani yake kwa umbali gani. Fanyeni hivyo katika bamvua mbili au tatu, mnitumie michoro yenu niichapishe hapa, maana ndiyo ramani ambayo kila mwenye tangi anaitafuta. Muondoke nyumbani wakati maji yanapwa, na mara yakigeuka kujaa, daftari lifungwe na mrudi ufukweni.